Namba ya Simu Kwenye Mkia wa Ndege

Benchi letu la Tangini ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mbele ya kibanda cha mchora mabango, na ukikaa upande wa debe la kijani ujue suruali yako itakuwa na habari ya kusimulia nyumbani. Mimi ni Bertha. Birika ni langu, jiko la mkaa ni langu, kashata ni zangu, na huu ni mwaka wa tisa nawamiminia wanaume hawa kahawa huku wakiiharibu dunia na kuitengeneza kabla ya adhuhuri. Kibwana tunamwita Wakili, kwa sababu alikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo miaka kumi na nne, na sheria zote anazijua kwa kuzisikia akiwa mlangoni. Daniel tunamwita Rubani. Alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege. Ndani ya ndege yenyewe aliingia mara moja tu, kufuata begi. Amon, kijana wa bajaji, ni Network, maana simu haimtoki mkononi. Na mwenye kibanda ni Latifu, fundi wa kuchora kuta na mbao za maduka, ambaye mji mzima unamwita Brashi.

Jumatano ile nilifika na jiko langu saa nne nikakuta hakuna aliyekaa. Nikajua kuna jambo. Hawa husimama kwa msiba na kwa penalti tu.

Juu ya meza ya Brashi kulikuwa na manila kubwa nyeupe, na juu ya manila kulikuwa na hondohondo. Yule ndege wa misitu ya Kisarawe, mdomo mkubwa utadhani kauazima, mweusi na mweupe, mbawa wazi, anapanda. Jamani, kazi za Latifu nazijua. Kuku wa vibanda vya chipsi, mbuzi wa mabucha, meno ya daktari wa meno. Lakini hii ilinifanya nisimame na birika mkononi mpaka likanichoma. Nikasema, "Yesu wangu!" na mimi si mtu wa kulitaja jina hilo ovyo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shirika la Ndege Upeo, lile dogo jipya la taifa lenye ndege nne tu, lilikuwa limetangaza shindano: mwananchi yeyote achore nembo ya kukaa mkiani. Hapa Kibaha michoro inapokelewa kwenye dirisha la ofisi yao ya tiketi, karibu na stendi, na dirisha linafungwa siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri. Brashi alikuwa kachora wiki tatu. Ndege kakamilika. Shida ilikuwa kona ya chini, kulia, kwa herufi nyekundu ndogo za kupendeza: LATIFU SANAA, TANGINI. Na namba ya simu.

Wakili alikuwa kashika karatasi ya masharti kwa mikono miwili.

Wakili: Sharti la tano. Nasoma kama lilivyo. "Mchoro usiwe na jina, saini, namba ya simu wala alama yoyote ya mchoraji. Jina liwekwe kwenye bahasha ya pembeni. Mchoro wenye alama utawekwa kando." Kando, Brashi! Kando maana yake jalalani, ila kwa lugha ya ofisi.

Brashi: Nimelisoma.

Wakili: Sasa pale umeandika nini?

Brashi: Jina langu.

Rubani: Na namba.

Brashi: Na namba. Kazi bila namba, mteja atakupata kwa harufu?

Mimi: Kaka Latifu, si ufute tu? Rangi nyeupe si ile pale?

Akanitazama utadhani nimesema tuchemshe kahawa bila maji.

Brashi: Bertha, mimi jina siandiki mwisho. Naandika mwanzo. Marehemu mzee Mfaume, fundi wangu kule Kisarawe, ndivyo alivyonifunza. Ukuta ukiwa mtupu kabisa unachuchumaa kwenye kona, unaandika jina lako, tena vizuri. Ndipo unasimama kuanza kazi. Jina likishakaa pale utaona haya kuchora upuuzi juu yake. Hiki kitu chote unachokiona kimekaa juu ya lile jina. Nikilitoa nabaki na nini?

Network: Unabaki na ndege, mzee.

Brashi: Ndege wa nani?

Swali hilo wote tunajua lilikotoka, maana tunaijua habari ya Kiluvya. Kuna mwenye baa mmoja aliwahi kukataa jina ukutani kwake, eti linaharibu sura. Brashi akamchorea simba, akaondoka bila kuandika kitu. Wiki ya pili akaja mchoraji mwingine, akachuchumaa, akaandika jina lake chini ya simba yule, na kwa mwaka mzima kila aliyetaka kuchorewa duka Kiluvya alimwita yeye. Brashi akipita pale alikuwa akigeuza uso. Na siku hizi mambo yamekuwa magumu zaidi, kila duka linataka stika ya mashine. Tangu Pasaka alikuwa amechora ukuta mmoja tu, nao ni wa choo cha shule.

Brashi: Mimi sitaki makubwa. Nataka siku moja nisimame hapa kwenye kibanda changu, nitazame juu, niseme ile kazi yangu, na mtu asinibishie. Basi.

Alisema kwa sauti ndogo, akiwa kainamia brashi zake. Nikaona huruma. Na nikaogopa pia, nisiwafiche, kwa sababu namjua: huyu mtu akikaza shingo hata trekta halimvuti, na saa tisa ingemkuta hapa hapa na hondohondo wake mezani.

Nikawamiminia raundi ya kwanza ili akili zifunguke. Kosa langu.

Network: Mimi toka mwanzo nilimwambia mzee achore simba. Brandi ya shirika inataka simba. Watu wanaelewa.

Brashi: Simba aruke aende wapi? Hondohondo akipita juu unamsikia kabla hujamwona, mbawa zake zina kelele. Ndege ya nchi isikike.

Rubani: Ila mdomo ni mzito. Ndege yenye uzito mbele unatakiwa uipakie mizigo nyuma. Hesabu hizo nimezifanya mimi kwa mikono hii.

Mimi: Daniel, ni picha.

Rubani: Picha nayo ina uzito. Haya, tuje kwenye namba. Tatizo lenu hamjui mkia wa ndege. Mimi nimefanya kazi chini ya mkia miaka kumi na moja. Mkia unakwenda juu kama mnazi. Huyu ndege akishatanuliwa akajaa kule, ile namba yake itakuwa na kimo cha mtu mzima. Watu wa mnara wa kuongozea wana darubini. Wataiona. Watapiga.

Mimi: Watampigia nani?

Rubani: Brashi! Watamwambia, "Kata kushoto, njia iko wazi, shuka taratibu."

Brashi: Mimi niko Tangini, nikikata kushoto naingia kwa muuza mkaa.

Rubani: Ndiyo maana nakwambia ni hatari!

Wakili akainua kidole. Wakili akiinua kidole weka kikombe chini, maana utapaliwa.

Wakili: Tutulie. Sharti linasema "jina". Je, Brashi ni jina? Hapana. Brashi ni kifaa. Mahakamani ukiulizwa jina lako nani ukajibu Brashi, hakimu anakwambia rudi ukae. Kwa hiyo tunafuta Latifu, tunaandika Brashi, na hakuna mtu wa kutushika.

Network: Na namba?

Wakili: Namba tunaiandika kwa maneno. Sifuri, saba, tano, vivyo hivyo mpaka mwisho. Wamekataza namba. Maneno hawakuyakataza.

Mimi: Ndiyo maana mahakamani walikuweka mlangoni.

Wakili: Dada Bertha, mlangoni ndipo kesi zinapopita.

Network: Wazee wangu, mnajitesa bure. Dunia imeshahama. Si kuna kile kijisanduku cha vidoti, kile cha kuskani? Tunakificha kwenye manyoya ya bawa. Vidoti vyeusi, manyoya meusi, nani atashtuka? Abiria yuko foleni anapanda ngazi, anaskani mkia, paap! Kaingia WhatsApp ya mzee Brashi. "Mambo vipi fundi, nina duka Morogoro." Hiyo ndiyo brandi. Brandi siyo picha, ni mtu kukukumbuka.

Rubani: Anaskani mkia kutoka ngazini?

Network: Anavuta picha karibu.

Rubani: Na ndege ikiwa imeanza kutembea?

Network: Anaskani fasta.

Rubani: Na yeye yuko kwenye ngazi, ndege imeanza kutembea.

Network: Basi huyo tumempoteza. Mwingine atakuja.

Tulicheka mpaka muuza mkaa akatoka kutazama. Brashi hakucheka. Alikuwa kachukua brashi ndogo, ile ya nywele chache, anaizungusha vidoleni, na kila baada ya muda anatazama ile kona. Saa ya Wakili ikasema saa saba. Raundi ya pili.

Wakili: Nimefikiri tena. Mnajua kwa nini hawataki jina? Wanamhurumia Brashi. Chukulia ndege imechelewa. Abiria amekaa saa tano uwanjani, mtoto analia, chakula hakuna. Anatazama nje kupitia kioo, anaona nini? Latifu Sanaa, Tangini, na namba. Atampigia nani huyo?

Rubani: Na begi likipotea! Mimi najua hasira ya mtu aliyepotelewa na begi. Huyo hapigi simu. Huyo anakuja mwenyewe.

Wakili: Umeona? Watu wa Bukoba, watu wa Kigoma, watu wa Songea, wote wamejaa hapa wanamtafuta Latifu.

Mimi: Waje. Nitaongeza birika.

Network: Na wale wanaoogopa kupanda je? Mtu anatetemeka, anaona jina moja tu kwenye ndege nzima, anajua huyu ndiye mwenye ndege. Anapiga: "Mzee Latifu, naomba unishike mkono, tunaondoka."

Rubani: Mimi nasema jina likae juu ya paa la ndege. Pale hakuna wa kusumbua. Nani atalisoma kule juu?

Wakili: Mungu.

Rubani: Na Mungu anamjua Brashi tayari.

Mimi: Basi namba ya nini?

Hapo hata Brashi alicheka, meno yote nje. Halafu akaangalia kona ya manila na kicheko kikamwishia.

Saa nane kasoro robo. Nikachoka. Nikachukua kikombe kitupu, nikakifuta kwa kanga yangu mpaka kikakauka kabisa, nikakifudikiza juu ya ile kona. Jina likafunikwa lote, na namba yake.

Mimi: Haya. Tutazame bila jina. Tuone kama ndege ataanguka.

Tukainama wote watano. Hondohondo hakuanguka. Alikuwa pale pale, anapanda.

Mimi: Unaonaje, kaka?

Brashi: Naona mwanangu kapelekwa kulelewa kwa jirani.

 Nikanyoosha mkono nikiondoe kile kikombe, ndipo tukasikia sauti.

— Hodi wenyewe!

Alikuwa mama mtu mzima, kanga mbili, vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo, na kikapu chenye mihogo kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia karibu kiti. Kiti hakukitazama. Alikishusha kikapu, akaja moja kwa moja mezani, akainama juu ya manila, uso wake na mdomo wa hondohondo vikakaribia kugusana. Akaanza kucheka peke yake.

— Alhamdulillahi, akasema. Nimefika. Nani kati yenu mwenye mkono huu?

Tukatazamana. Mimi nikatazama kikombe. Kilikuwa pale pale.

Wakili: Mkono upi, mama?

Mama: Huu uliochora.

Wakili: Umemjuaje? Umesoma bango lipi?

Mama: Miye sisomi, mwanangu. Miye naitwa Mwanamkuu, natoka Kibuta. Marehemu mume wangu, Mwinyijuma, alikuwa na duka, na ukutani alichorewa jogoo. Huyo jogoo kakaa miaka kumi na nane. Sasa mvua za mwaka huu zimempiga, miguu yote imekwenda, kabaki kichwa na shingo. Wajukuu wakasema bibi, tuweke stika. Wakaileta. Ina jogoo mzuri, mwekundu, anang'aa. Nikawaambia toeni. Kwa nini bibi? Nikawaambia huyu hanitazami.

Network: Hakutazami vipi, bibi?

Mwanamkuu: Hanitazami. Yule wangu, nikitoka asubuhi na fagio, ananitazama kama mtu anayetaka kuniuliza umeamkaje. Mwinyijuma alipofariki nikabaki na wa kuniuliza mmoja, huyo wa ukutani.

Akalisema kawaida tu, kama anayetaja bei ya mihogo. Mimi ndiye niliyelazimika kushughulika na jiko ghafla, na moto ulikuwa hauna shida yoyote.

Wakili: Lakini mama, pale ukutani hapakuwa na jina na namba ya simu?

Mwanamkuu: Vilikuwepo. Viliwekwa chini, na chini ndiko maji ya paa yanakorukia. Viliondoka kabla ya miguu ya jogoo. Namba mjukuu wangu alikuwa kaiandika kwenye daftari siku nyingi. Juzi akapiga. Akapokea mama mmoja yuko Sumbawanga, anauza dagaa.

Rubani: Dagaa!

Mwanamkuu: Mama mzuri sana. Tumeshaahidiana kusalimiana kila Ijumaa. Ila kuchora hajui.

Brashi alikuwa amejibanza nyuma yangu. Najua alibadilisha laini mara tatu, mara mbili kwa kuibiwa na mara moja kwa kuiangusha ndani ya debe la rangi.

Mwanamkuu: Nikasema basi, nitamfuata kwa macho. Leo alfajiri nikatoka. Kisarawe mjini nikaona mbuzi kwenye bucha, nikasimama. Nikamwambia mwenye bucha, huyu mbuzi na jogoo wangu ni ndugu. Akacheka, akasema jina la fundi kalisahau, lakini alitokea upande wa Kibaha. Kiluvya nikaona ng'ombe, duka la dawa za mifugo. Ng'ombe naye ananiuliza habari za asubuhi! Yule dada wa dukani ndiye akanielekeza. Kasema nenda Tangini, kuna benchi la watu wenye kelele. Nikashuka kwenye gari, nikafuata kelele.

Rubani: Kwa hiyo umemjua kwa nini hasa?

Mwanamkuu: Jicho, baba. Jogoo, mbuzi, ng'ombe, na huyu mwenye mdomo, wote jicho moja.

Tukainama tena. Na mimi naapa, miaka tisa nimekaa mbele ya kazi za mtu huyu na sikuwahi kuona. Kulikuwa na tone jeupe ndani ya jicho, halikukaa katikati, limepanda juu kidogo, na kope ya chini imeinuka kama ya mtu anayetaka kuanza kusema. Rubani akasogea kushoto. Akasogea kulia. Akazunguka meza nzima.

Rubani: Ananifuata.

Network: Aisee. Huyu ananiuliza nimekula nini.

Wakili: Subirini! Sharti la tano, "wala alama yoyote ya mchoraji." Brashi, hilo jicho ni alama. Umelifanya kwa makusudi?

Brashi: Sijui. Jicho linakuja lenyewe. Sijui lingine.

Wakili: Basi huenda tukalazimika kulitoa…

Mimi: Kibwana, kaa chini kabla sijakumwagia birika.

Akakaa. Upande wa kijani.

Brashi akatoka nyuma yangu, akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama mbele ya yule mama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Brashi: Shikamoo, mama. Ni mimi.

Mwanamkuu: Marahaba, baba. Ulikuwa mwembamba.

Brashi: Ulinipa uji. Nakumbuka. Uji wa mchele, na mzee akanishikia ngazi.

Mwanamkuu: Bakuli mbili ulikunywa. Mwinyijuma alisema fundi huyu anakula vizuri, atachora vizuri.

Brashi akatoa kitambaa mfukoni akajifuta uso, na kwa kuwa kitambaa kile ni cha kufutia brashi, akabaki na mstari wa bluu kuanzia puani mpaka sikioni. Hakuna aliyemwambia. Akarudi mezani. Akakiinua kile kikombe polepole, akanikabidhi. Jina likaonekana, jekundu, zuri kama lilivyoandikwa manila ikiwa tupu.

Akachovya ile brashi ndogo kwenye rangi nyeupe. Alianza na namba. Likafuata neno Tangini. Likafuata Sanaa. Neno Latifu akalifuta mwisho, herufi moja moja, bila haraka.  Mimi nikaweka birika chini.

Network: Saa nane na robo, mzee. Twende.

Brashi: Ikauke kwanza.

Wakili akainuka na kuanza kuipepea ile kona kwa karatasi ya masharti, kwa bidii, jasho linamtoka, na niseme ukweli hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote iliyofanywa na karatasi ile tangu asubuhi. Rubani akaikunja manila iwe bomba, taratibu, akasema mzigo dhaifu unakaa juu, usiulalie. Network akawasha bajaji. Brashi akapanda na bomba lake kalikumbatia kifuani na bahasha yenye jina lake mdomoni. Wakaondoka, na ule mstari wa bluu usoni.

Mwanamkuu nikamkalisha upande wa debe jekundu. Akatoa muhogo kwenye kikapu, nikauweka kwenye makaa. Tukakaa. Wakili alikuwa akitazama saa yake kila dakika, na Rubani anamuuliza, na Wakili anamjibu kwa ukali. Na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo pasiwe na foleni pale stendi.

Saa tisa kasoro dakika nane simu ya Rubani ikalia. Akaweka sauti ya juu.

Network: Imepokelewa! Wamefunga bahasha pembeni, mchoro umepewa namba arobaini na moja, hauna hata doa. Halafu sikieni, yule dada wa dirishani kaushika, kauweka chini na yale mengine, kaenda, karudi, kauchukua tena kautazama. Kaniuliza, "Huyu mbona kama ananisemesha?" Mzee huyu hapa, anataka kuongea.

Brashi: Bertha? Mama hajaondoka?

Mimi: Yuko hapa, anakula muhogo.

Brashi: Mwambie anisubiri. Nakuja kuchukua rangi nyekundu na ngazi. Twende Kibuta leo leo, jua bado lipo.

Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, wa miaka thelathini. Rubani akakata simu, akajipiga gotini kwa kiganja, pah! Wakili akasema yeye alijua toka mwanzo. Nikamwachia, nilikuwa na furaha mno.

Mwanamkuu akamaliza muhogo wake, akajifuta midomo kwa pindo la kanga, akawatazama wale wanaume wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa upole wa mama.

Mwanamkuu: Samahani wanangu. Miye nikiwa kule njia panda nilikuwa nawasikia. Kelele, kelele, mpaka nikadhani kuna mtu kagongwa. Kwani mlikuwa mnabishania nini?

Rubani akajikuna shingo, akaanza kuangalia kama mkaa unatosha. Wakili akainua kidole. Akafungua mdomo. Miaka tisa sijawahi kumwona Wakili akifungua mdomo pasitoke kitu. Kidole kikabaki juu, mdomo ukafungwa, kisha kidole nacho kikashuka taratibu mpaka gotini.

Nikaliinamisha birika. Kilitoka kikombe kimoja kilichojaa, kisha masimbi matupu ya kahawa. Wote wawili walikuwa wameshanyoosha vikombe vyao. Nikampa mama.